RUFAA SI ZAWADI: MKIMBIZI, JIRANI NA HAKI YA KUSIKIZWA

Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya pili ya semina, katika ukumbi wa parokia. Msemaji ni mtu wa kujitolea anayesaidia watu kwa mambo ya sheria. Tumeichapa kama alivyosema, ila tumefupisha kidogo.



Jana mlizungumza juu ya mbuzi wa maziwa na vitabu vya hesabu. Leo nimepewa saa moja kuzungumza juu ya wakimbizi na rufaa. Nilipokuwa nakunywa chai, mzee mmoja alinivuta kando akaniuliza, "Sasa mwalimu, hayo yanatuhusu nini? Sisi tuna shida zetu, na wale wana watu wa kuwalisha." Mzee, nakushukuru kwa kusema wazi. Wengi wanafikiri hivyo na hawasemi. Nitajaribu kukujibu, na mwisho utaniambia kama nimekujibu au la.

Nianze na jambo mnalolijua.

Nani hapa hajasikia kesi ya shamba? Ardhi inapopimwa na daftari kutolewa, sheria inampa mtu siku 60 za kupinga kama mpaka wake umeandikwa vibaya. Akishindwa pale, ana siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa Waziri. Sasa chukua mzee ambaye hakujua kusoma, wala hakuambiwa kwamba daftari liko wazi. Siku zikapita. Anakuja kushtuka jirani akiweka waya ndani ya mihogo yake. Anakwenda ofisini, anaambiwa, "Mzee, siku zimekwisha." Je, alisikizwa? Hakusikizwa. Na labda shamba lilikuwa lake kabisa.

Mambo ya mkimbizi ni hayo hayo, ila yeye hapotezi mihogo. Akinyimwa haki anaweza kurudishwa pahali alipotoka mbio, na huko kuna mtu anayemngoja na panga au bunduki.

MKIMBIZI NI NANI?

Mkimbizi si kila mtu aliyetoka nchi nyingine. Mfanyabiashara anayevuka mpaka kuuza vitenge si mkimbizi. Mkataba wa dunia wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 1966, unasema mkimbizi ni mtu aliyetoka nchini mwake kwa sababu ana hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, taifa, siasa au kundi la watu analotoka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wale wanaokimbia vita na machafuko makubwa. Kabla hajakubaliwa, huyo mtu anaitwa mwomba hifadhi. Ameomba, anangoja jibu.

Na kuna sheria moja iliyo juu ya zote: usimrudishe mtu pahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Ndiyo maana jibu likitolewa vibaya, kosa hilo haliwezi kurekebishwa kesho. Maiti haikati rufaa.

KENYA IMETOKA WAPI?

Miaka ya themanini wakimbizi hapa Kenya walikuwa wachache, wengi wao Waganda, na serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisikiza maombi yao. Mwaka wa 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na watu wakaja kwa malaki. Dadaab ikafunguliwa 1991, na Kakuma 1992 kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan. Kazi ilizidi mikono. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, likachukua kazi ya kusikiza na kuamua.

Angalia vile ilivyokuwa. Mtu akikataliwa na UNHCR, rufaa yake ilikwenda UNHCR hiyo hiyo, kwa afisa mwingine. Hapakuwa na mahakama wala baraza la kando. Na nchi yetu haikuwa na sheria yake ya wakimbizi kwa miaka kumi na mitano hivi tangu wale watu waje.

Sheria ya kwanza ilikuja 2006. Ilisema mtu akiingia nchini ajitokeze mara moja, au isipite siku 30. Ilisema aliyekataliwa anaweza kukata rufaa ndani ya siku 30 kwa Bodi ya Rufaa, na kutoka hapo aende Mahakama Kuu. Ilisema pia kwamba akiwa anangoja rufaa yake asifukuzwe. Kwa karatasi, hayo yalikuwa mazuri. Lakini nyinyi mnajua tofauti ya katiba ya kikundi na kikundi chenyewe. Mnaweza kuandika kwamba kamati itakutana kila mwezi, na mwaka ukaisha haijakutana hata mara moja.

Halafu yakaja mambo ya usalama. Kulikuwa na mashambulizi mabaya, Westgate mwaka wa 2013 na Chuo cha Garissa 2015. Watu wetu waliuawa, na hasira ilikuwa kubwa. Wakati wa hasira mambo mengi hufanywa haraka. Mwishoni mwa 2012 wakimbizi wa mijini walikuwa wameamriwa kwenda kambini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaifuta amri ile. Aprili 2014 maelfu ya watu walikamatwa mjini Nairobi, wengi wakawekwa katika uwanja wa Kasarani. Desemba 2014 sheria ya usalama ilisema wakimbizi wasizidi 150,000 nchini, na wakati ule walikuwa zaidi ya laki tano. Hao wengine wangepelekwa wapi? Februari 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho. Mwaka wa 2016 serikali ikatangaza kwamba Dadaab itafungwa, na idara ya wakimbizi ikavunjwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, hayo ni kinyume cha Katiba.

Sisemi serikali haina haki ya kulinda watu wake. Inayo, tena ni lazima. Nasema kwamba mara kadhaa kati ya hizi, aliyezuia makosa makubwa ni jaji aliyekaa kando, akasikiza pande zote mbili. Hiyo ndiyo kazi ya rufaa.

Sheria mpya ilitiwa sahihi Novemba 2021 na ikaanza kutumika Februari 2022. Imeweka Idara ya Huduma za Wakimbizi chini ya Kamishna, ambaye ndiye anayeamua maombi, na imeweka Kamati ya Rufaa. Mtu akishindwa kwa Kamati, mlango wa Mahakama Kuu bado uko wazi. Siku za kukata rufaa zimehesabiwa, kwa hivyo barua ikifika isomwe siku ile ile.

HADITHI YA NENO MOJA

Sasa niwaambie jambo nililoliona kwa macho yangu. Sitataja jina la mama huyu, wala ofisi, wala mji.

Alikuwa mama kutoka Kongo ya mashariki, na watoto watatu. Alipofika aliandikishwa. Wakamuuliza, "Una ndugu?" Akajibu, "Sina ndugu wa tumbo moja." Ikaandikwa kwamba hana. Baada ya miezi mingi akaitwa kwa mahojiano. Akaeleza jinsi watu wenye silaha walivyoingia kijijini, na akasema, "Ndugu yangu aliuawa mlangoni." Alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, wamelelewa nyumba moja. Sasa nyinyi niambieni, hapa kwetu mtoto wa baba mdogo ni nani? Ni ndugu. Lakini neno lile lilipoandikwa kwa Kiingereza likawa kaka aliyezaliwa naye. Afisa akatazama karatasi ya kwanza: hana ndugu. Akatazama ya pili: ndugu ameuawa. Akaandika kwamba mama huyu si mkweli.

Barua ya kukataliwa ikaja kwa Kiingereza. Mama hakusoma Kiingereza. Aliona muhuri, akafikiri ni barua ya kuitwa tena, akaiweka ndani ya mkebe wa unga isipotee. Ikakaa humo. Siku moja mtoto wa jirani aliyekuwa darasa la saba aliiona, akamsomea. Siku za rufaa zilikuwa zimepita kumi na moja.

Wale majirani walikuwa kikundi cha kina mama wanaosuka vikapu, kikundi kama chenu. Hawakuwa na wakili. Walimleta kwetu kwa matatu, wakamlipia nauli. Tulikaa naye asubuhi nzima. Tuliandika barua mbili: moja ya kueleza kwa nini amechelewa, nyingine ya kueleza neno "ndugu". Barua ya pili haikufika nusu ukurasa. Ilipokelewa, akasikizwa tena na mtu mwingine, na mtafsiri mwingine. Ilichukua miezi minane. Akakubaliwa.

Kina mama wakaniuliza, "Kwani ilikuwa ni hilo neno tu?" Ndiyo, ilikuwa ni hilo neno tu. Na kama mtoto wa darasa la saba hangekuwa na udadisi, pengine mama yule hangekuwa hai leo.

RUFAA YA HAKI IKOJE?

Kuna mambo matano ya kutazama. Yaandikeni, maana yanafaa hata katika kikundi mkitaka kumfukuza mwanachama.

Kwanza, sababu. Mtu akikataliwa aelezwe kwa maandishi ni kwa nini. Huwezi kujibu shtaka usilolijua. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 47, inasema mtu ambaye haki yake inaguswa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na haisemi "kila raia", inasema "kila mtu".

Pili, muda. Siku ziwe za kutosha kupata mtu wa kukusaidia na kutafuta ushahidi. Lakini pia jibu lisikae miaka. Mtu anayengoja miaka mitano bila jibu hawezi kupanga maisha yake, na jirani yake pia hajui kama huyu anakaa au anakwenda.

Tatu, lugha. Mtu asikizwe kwa lugha anayoielewa, na kilichoandikwa asomewe kabla ya kutia sahihi. Mmeona wenyewe habari ya neno "ndugu".

Nne, msikizaji mwingine. Aliyekataa mara ya kwanza asiwe ndiye anayesikiza rufaa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinataka baraza lililo huru, lisilopendelea upande. Ukigombana na mweka hazina, huwezi kumpa mweka hazina huyo huyo aamue kesi.

Tano, kungoja. Rufaa ikiwa bado, mtu asirudishwe kwao. Kumrudisha kwanza halafu kumsikiza baadaye ni mchezo.

Msifikiri ni Afrika tu tunajikwaa kwa mambo haya. Uingereza ilikuwa na njia ya haraka, ambapo waomba hifadhi waliwekwa kizuizini na waliokataliwa walipewa siku mbili tu za kazi kukata rufaa. Mtu amefungiwa ndani, hajui nchi, na ana siku mbili kutafuta wakili na karatasi. Mwaka wa 2015 Mahakama ya Rufaa ya huko ikasema taratibu hizo si za haki, zikaondolewa. Halafu mwaka wa 2022 serikali yao ikapanga kupeleka waomba hifadhi Rwanda ili maombi yao yasikizwe huko. Mahakama yao ya juu kabisa, Novemba 2023, ikasema kwa sauti moja kwamba mpango ule ni kinyume cha sheria. Jambo lililowasumbua majaji lilikuwa hili: je, mtu akifika huko atasikizwa sawasawa, au atarudishwa kwenye hatari? Serikali iliyoingia Julai 2024 ikauacha mpango huo. Mnaona basi, swali la kule ni swali la hapa.

SASA, MZEE, JIBU LAKO

Mzee aliuliza yanatuhusu nini. Nina majibu matatu.

Jibu la kwanza: sisi pia tumewahi kuwa wakimbizi. Januari 2008, baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Waliwekwa kambini Mulanda, karibu na Tororo, na baadaye wengine wakapelekwa Kiryandongo. Hawakuwa Wasomali wala Wasudani. Walikuwa watu wenye kipande cha Kenya mfukoni. Waganda wangeweza kuwaambia "rudini kwenu", lakini waliwapokea. Ukiona cha mwenzako chanyolewa, chako tia maji.

Jibu la pili: daftari likikosewa humo, Mkenya pia anaumia. Huko kaskazini mashariki, wakati wa ukame, familia maskini za Kenya ziliandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula. Nani angewalaumu? Mtoto analia njaa. Lakini watoto wale walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, alama za vidole zao zilionekana kwenye daftari la wakimbizi. Wakanyimwa. Ni maelfu ya vijana Wakenya, waliokaa miaka bila kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna kazi, hakuna benki, hata kikundi hakiwezi kukuandikisha. Walibisha mlango hadi mlango wakitafuta mtu wa kuwasikiza. Kwa hivyo tunapodai njia ya haki ya kurekebisha makosa ya daftari, hatuwadai wageni peke yao.

Jibu la tatu ni lile gumu, na sitalikwepa. Mwenyeji ana malalamiko ya kweli. Kuni zimekwisha, maji ni machache, na wakati mwingine mtoto wa kambini ana shule nzuri kuliko wa kijijini. Mwishoni mwa 2024 wakimbizi na waomba hifadhi nchini walipita laki nane, wengi wao wakiwa Dadaab na Kakuma, pahali ambapo wenyeji wenyewe ni maskini. Kule Turkana, Kalobeyei ilianzishwa 2016 ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na hospitali pamoja. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi kuwa miji ya kawaida. Wenyeji wengine wanauliza: ardhi yetu je? Hilo ni swali la haki, na lijibiwe kwa maandishi, mbele ya watu. Lakini halijibiwi kwa kumnyima mama wa Kongo rufaa yake. Malalamiko ya kuni yapelekwe mahali pa kuni. Mtu mwenye njaa akimpiga mwenye njaa mwenzake, njaa inabaki.

Na tena, rufaa ya haki haimaanishi kila mtu akubaliwe. Wako watakaokataliwa, na ni sawa. Mtu aliyefanya mauaji ya vita kwao, mkataba wenyewe unamnyima hifadhi. Lakini akikataliwa baada ya kusikizwa vizuri, hata jirani ana amani kwamba haki imefanyika.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Msiseme sisi ni wadogo. Aliyemwokoa mama yule ni mtoto wa shule na wasuka vikapu.

Kama kuna mwomba hifadhi katika mtaa wenu, mwambieni kila barua yenye muhuri isomwe siku ile inapofika. Tafuteni mtu mmoja katika kikundi anayesoma Kiingereza vizuri na anayejua kunyamaza. Andikeni nyuma ya barua tarehe iliyopokelewa.

Mwonyeni juu ya mabroka. Kuandikishwa na kukata rufaa kwa UNHCR au kwa Idara ya Wakimbizi hakuuzwi. Yeyote anayeomba elfu kumi "kusukuma faili" ni mwizi.

Mpelekeni kwa wanaojua. Kituo cha Sheria wamefanya kazi hii miaka mingi, na Refugee Consortium of Kenya pia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi kati ya wanaoweza kusaidiwa.

Msimfundishe uongo. Wako watu wanaosema, "Ongeza chumvi kidogo ndiyo wakuamini." Chumvi hiyo ndiyo inayoharibu kesi. Aseme yaliyompata, na asipokumbuka tarehe aseme hakumbuki.

Na nyinyi wenyewe, hata ukame ukija, msiandikishe mtoto wa Kenya kama mkimbizi. Dai chakula cha msaada kama raia, kwa chifu na kwa kaunti. Gunia moja la leo linaweza kumnyima kitambulisho kesho.

Mikutano ya Mpango wa Shirika ikiitwa kwenu, nendeni na katibu na daftari. Neno ambalo halikuandikwa ni kama halikusemwa.

Mzee wangu, sijui kama nimekujibu. (Mzee alisimama akasema: "Umenijibu nusu. Nusu ile ya kuni bado." Watu wakacheka.) Ni sawa, mzee. Hata hiyo ni rufaa, na umeikata mbele ya watu wote. Kamati imeisikia, iandikwe kwenye ajenda ya mchana.

 

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya mwanachama anayefukuzwa? Anapewa sababu? Anaweza kukata rufaa kwa nani?

2. Nani kati yetu amewahi kupoteza haki kwa sababu siku zilipita au barua haikueleweka? Nini kingesaidia?

3. Je, kuna jirani yetu mgeni anayehitaji mtu wa kumsomea barua? Nani atakwenda kumwona wiki hii?